Wino wa Dole Gumba

...na tena kaniambia nisiguse kitu, kama vile mimi mtoto wa darasa la kwanza, dole juu, Yotham, dole juu hivyo hivyo, wino usije ukachafua ukuta wa Serikali, kisha huyo, katoka na faili langu kwapani, viatu vyake ko, ko, ko mpaka mwisho wa baraza, mlango, kimya, na mimi Yotham Ndahani, sukani wa stima, mkono huu huu umeshika usukani kutoka Kigoma hadi Mpulungu kule Rhodesia na kurudi mara sitini, nimebaki kwenye benchi la boma nimesimamisha dole gumba jeusi hewani kama mtu anayepima upepo, na upepo wa Dodoma una nini cha kupima, unatoka upande mmoja tu nao ni upande wa vumbi... dakika mbili, amesema, Bwana Shauri ananiita, dakika mbili tu, na mimi dakika za karani Bartolomayo nazijua, wiki saba nazila, ndani ya dakika yake moja mtama unapandwa, unaota, unaiva, na ndege wanaumaliza, aliniambia rudi Jumatatu nikarudi Jumatatu, aliniambia barua imekwenda pwani, nikangoja, barua imerudi ina mhuri ila haina sahihi, nikangoja, sahihi imekuja ila Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yuko safarini Mpwapwa anaangalia ng'ombe, nikangoja, mimi ningeendesha stima namna hiyo abiria wangezeeka humo majini, wangezaa humo humo, wakashuka wajukuu... nilimwambia hivyo mbele za watu, wakacheka baraza zima, hata askari alicheka, na karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia masikioni, siyo machoni, masikioni, akasema, Yotham, mdomo unao, sisi tunatafuta masikio.

Haya, masikio, yatafuteni basi, haya hapa mawili, yanasikia vizuri kuliko ya karani mwenyewe, yanasikia injini ikikohoa chini kabla fundi hajasikia, yanasikia maji yakibadilika sauti pale mwamba unapokaribia, nani mwingine hapa mjini ana masikio ya namna hiyo, nahodha mwenyewe, Mzungu yule mnene, alisema usukani mpeni huyu kijana, sikio lake ni dira ya pili, alisema, mbele ya wote, Feruzi mwenzangu wa melini akanuna siku tatu... lakini boma halitaki masikio yanayosikia, linataka masikio yenye matundu, kwa sababu karatasi imesema hivyo, karatasi ya miaka sita iliyopita, nilipotoroka shule darasa la tatu nikaenda Kongwa kwenye mashamba ya karanga, kule mezani alikaa karani wa vipande, akaniangalia mara moja akaandika, jina, kabila, baba, alama za mwili, meno mawili ya chini hayapo, ndewe masikio yote mawili, na kweli zilikuwepo, ndewe za kupitisha kidole, za kupitisha vidole viwili, baba'ngu alinitoboa mwenyewe kwa mwiba, akapitisha bua la mtama, kila mwezi bua nene zaidi, kila mwezi naye ananiinamisha kichwa pajani mwake, anapaka mafuta ya ng'ombe, anasema tulia, mwanaume hutulia... na hiyo karatasi ya Kongwa ikanakiliwa Kigoma nilipopata kazi ya kufagia sitaha, ikanakiliwa pwani nilipofanya mtihani wa usukani, wala hawakuninyanyulia uso, mtu anauliza meli mbili zikikutana uso kwa uso unageukia wapi, nawajibu, kulia, Bwana, na mwenzangu kulia kwake, wanagonga mhuri, ndewe masikio yote mawili, na masikio yangu siku hiyo yameshashonwa, mshono hata haujakauka vizuri, mtu haoni, watu wa ofisi hawaoni watu, mpaka alipokuja Kigoma huyu Mzungu mpya wa ofisi ya meli, kijana, mwembamba, nimempelekea leseni ya miaka mitatu aitie upya, nikamwekea mezani nikijua ni kazi ya kugonga mhuri na kuondoka, yeye akasoma, maskini ya Mungu, akasoma mstari kwa mstari, akanyanyua uso, akasema, ndewe ziko wapi?

Nikacheka, nikasema, Bwana, zimeshonwa, akasema, nani anashuhudia, nikasema, mimi mwenyewe, mwenye masikio ni nani, akasema, ndilo swali langu hilo, wewe ni nani, nikafungua mdomo nikamwonyesha meno, akasema meno mawili hata ulevi huyang'oa, na leseni zimekuwa zikiuzwa hapa gatini, mtu anakufa leseni yake inaendesha meli, nenda kwenu, boma la kwenu liandike kwamba Yotham Ndahani wa kwenye karatasi na wewe uliyesimama hapa ni mtu mmoja, babako athibitishe, nyote mtie dole, uniletee, leseni yako inakufa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa, nikasema hiyo kazi ya siku tatu, Bwana, na mwezi wa tisa uko mbali huko... na Ijumaa yenyewe ni kesho kutwa. Leo Jumatano, garimoshi la kwenda bara linapita jioni, nikilipanda na karatasi mkononi nafika Kigoma Ijumaa ofisi haijafungwa, nikilikosa, Jumamosi stima inang'oa nanga na aliyesimama kwenye usukani ni Feruzi, Feruzi mwana wa Ujiji, Feruzi wa kofia ya kukaa upande, na akishashika usukani yule hauachi mpaka azikwe nao, mimi mwenyewe nisingeuacha, na sukani asiye na leseni ni mtu gani, ni kuli, ni kurudi kufagia sitaha, Feruzi juu kwenye kioo anapiga kengele mimi chini na ndoo... Tabu mwuza uji pale nje ya ua ameshanipa jina, asubuhi hii kanipigia kelele toka mbali, nahodha wa vumbi, shikamoo, leo bahari imejaa? nikamwambia imejaa, njoo nikuzamishe, akasema nizamishe kwa lipi na wewe hata dole lako mwenyewe limekukana, watu hoi kwa kicheko, akanimiminia uji, akasema kwa sauti ya chini sasa, kamwangukie babako, kijana, nikamwambia mimi simwangukii mtu, mimi hushuka kwa ngazi... wakacheka tena, nami nikacheka, uji ulikuwa moto, ulinibabua ulimi, nikacheka tu.

Huyo hapo. Hatua nne kutoka hapa, mwisho wa pili wa benchi, naye dole juu, kapakwa wino kama mimi, karani alitupaka wote wawili kabla hajaitwa, kwanza mzee halafu mimi, kijaluba kimoja, kama mtu anayepaka ndama dawa ya kupe, na mzee kaushika mkono wake kwa mkono wa pili, kwenye kifundo, kama kitu alichopewa akishikie kwa muda, haangalii dole wala haniangalii mimi, anaangalia nje kwenye ua alikofungwa punda wa mtu... shuka yake ile ile nyeusi, fimbo katikati ya magoti, masikio yake makubwa yananing'inia mpaka karibu na bega, shanga nyekundu, shanga nyeupe, na sikio la kushoto kajitundikia senti kumi, nimeiona tangu asubuhi, ile senti ya tundu katikati, kaipitisha uzi na shanga mbili, mzee bahili huyu, wenzake wananunulia ugoro, yeye hela anaivaa, nilitaka hata kumtania nayo, baba, benki yako hiyo wezi hawaifikii, lakini sijamtania, sijamwambia kitu, tumekaa hapa tangu jua halijafika kwenye ngazi na maneno yaliyopita kati yetu ni mimi, shikamoo, yeye, mm.

Mm. Ndiyo mara ya pili boma linamwita, mara ya kwanza Jumanne ya wiki iliyopita, kaja na jumbe wa kwao kule nyuma ya Zuzu, katembea tangu alfajiri, karani kamkalisha kitini akamwuliza vizuri tu, kwa heshima, mzee Ndahani, huyu kijana ni mwanao? Mimi nimesimama pale nimevaa suruali nyeupe na kofia ya kazi, viatu nimevipaka rangi, nilisema mzee ataniona atalia, jumbe atakwenda kusimulia kijiji kizima... mzee akanyanyuka, akanijia mpaka karibu kabisa, ananuka moshi na maziwa, harufu ile, akanyanyua mikono miwili akanishika masikio, siyo kwa nguvu, akayapapasa pale chini penye mshono, kwa dole gumba, huku na huku, taratibu, kama anavyomshika ng'ombe aliyerudishwa zizini baada ya kupotea, maana kwetu ng'ombe hujulikana sikioni, kila ukoo na mkato wake, wa kwetu ni kijipande cha juu kushoto na mpasuo wa chini kulia, ukipotelewa na dume hata likutwe Kibaigwa kwenye zizi la watu mia, hupigi kelele, unakwenda, unashika sikio, unasema wangu, wazee wanaangalia, kwisha, hakuna barua ya kwenda pwani, na ukishika sikio ukakuta mkato siyo, hata moyo unakuambia ni yule yule, rangi ile, pembe ile, husemi wangu, kusema wangu juu ya sikio lisilo lako ni wizi, mtu ameuawa kwa hilo... akaniachia. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, wangu mimi namjua kwa masikio, masikio haya siyajui. Akakaa. Karani akamwangalia jumbe, jumbe akasema, mimi nitasema atakalosema baba mtu, mama mtu alikwishakufa mwaka wa njaa, mwingine wa kuapa hayupo, karani akaandika, nikaona kalamu inakwenda, baba amekana.

Amekana! Nilitoka pale nikawaambia kina Tabu mzee amechoka, macho yameingia ukungu, mzee wa watu kaishi na ng'ombe mpaka kawa ng'ombe, wakacheka, nilisema ni roho mbaya, hapendi mwanawe kuvaa viatu, alitaka nibaki kuchunga, wivu, mzee ananionea wivu mimi, na usiku kucha... hapana, nililala vizuri, nililala fofofo, kwa Sultanali nyuma ya duka kwenye magunia, Sultanali mwenyewe asubuhi akasema, Yotham, wewe naongea sana usingizini, nani naita wewe, nikamwambia mwanamke wa Mpulungu... na Bwana Shauri alipolisoma faili ndipo akasema waiteni tena wote wawili, nitaona mwenyewe, mzee aulizwe mara ya mwisho mbele yangu, akisema ndiyo, watie dole, kijana aende zake, akisema siyo, karatasi irudi Kigoma na jibu kwamba mtu huyu hajulikani hapa. Hajulikani. Neno gani hilo, mimi, mimi ambaye kila gati ya ziwa lile wananiita kwa jina, Yotham wa Bagamoyo, huyo anakuja... ndiyo, Bagamoyo, nilisema hivyo, kuna ubaya gani, walinikuta ni Mgogo peke yangu kwenye meli nzima, watu wa ziwani wanacheka, Mgogo na maji wapi na wapi, kwenu mnaoga kwa umande, mnakunywa baada ya ng'ombe, na zile ndewe ndizo zilizokuwa mchezo wao, huyu anachomeka sigara, huyu anatundika funguo, nacheka nao, mimi huwa nacheka, mpaka mchana ule nimelala kwenye kivuli nyuma ya sitaha, Feruzi akaja na kamba nyembamba, akaipitisha sikio hili, akaipitisha na hili, akaifunga kwenye nguzo ya kengele, kisha akapiga kengele ya zamu, nikaruka... damu kidogo tu, siyo nyingi, sitaha nzima imekufa kwa kicheko, mpishi kakaa chini anashika mbavu, ng'ombe kafungwa kengele, wanasema, na nahodha juu kwenye kioo anacheka pia, nikacheka, nikajifungua kamba mwenyewe nikicheka, na tulipotia nanga nikaenda moja kwa moja kwa dresa mmoja, nikamwambia ziba, akasema hakuna dawa ya ganzi ya kupoteza kwa masikio, nikasema ziba hivyo hivyo, akakata ukingo na kushona, sindano saba huku, saba huku, sikutikisika, tulia, mwanaume hutulia, na tangu siku hiyo nikiulizwa kwenu wapi, nasema Bagamoyo, na baba? alikuwa nahodha wa majahazi, alikufa majini, nasema, na walio wageni wanasema pole.

Ko, ko... siyo yeye, ni tarishi. Wino unaanza kukaza ngozi. Mzee naye anaangalia lake sasa, kaligeuza kidogo kwenye mwanga, na alipogeuza shingo ile senti ikacheza, ikang'aa, senti yenyewe imesuguliwa mpaka ukingo umelainika, siyo ya jana hiyo, mtu kakaa nayo muda mrefu, miaka miwili, mitatu, senti ya tundu... wapi anaipata senti mzee asiyeuza kitu, ng'ombe hauzi, mtama hauzi, kodi hulipiwa na jumbe kwa ndama, maisha yake sijapata kumwona ameshika hela, isipokuwa... hapana, hiyo haihusu. Hiyo ya stesheni haihusiani na hapa, hakunijua siku ile, nimekwisha kulimaliza hilo zamani, hakunijua kwa sababu masikio yalikuwa yameshashonwa, ndiyo maana yake, alikuwa anatafuta kijana mwenye ndewe, akaniona mimi akaona mgeni, mzee mwenyewe juzi si amesema, masikio haya siyajui, basi, ndiyo hivyo, hata siku ile hakuyajua, hakuna aliyemkosea mwenzake... garimoshi lilikuwa linakwenda pwani, mimi na Feruzi tunakwenda mtihani, na kabla ya hapo nilikuwa nimetuma neno, hilo ndilo, nilituma neno mwenyewe, kwa kijana mmoja wa reli wa Zuzu, mwambie mzee Ndahani mwanawe anapita na garimoshi la Alhamisi, anakwenda kuwa sukani, serikali imemwita, amwone dirishani, kujigamba tu, nilifikiri nani atatembea mwendo wote ule kuja kuangalia dirisha, nikasahau, na garimoshi likasimama Dodoma kunywa maji, nusu saa, wachuuzi wanapita na mayai na karanga, na mimi nimekaa dirishani na Feruzi na wale vijana wawili wa Tabora tuliocheza nao karata tangu usiku, nawasimulia hao wa Tabora Bagamoyo, mnara, bahari, baba alivyokufa majini, na chini kwenye kokoto anakuja mzee mmoja wa shuka nyeusi na kibuyu cha maziwa mikono miwili, anaangalia dirisha moja moja, anapita, anarudi...

Anarudi. Akasimama chini yangu. Kibuyu kimefungwa mdomo kwa majani mabichi maziwa yasimwagike, vumbi mpaka magotini, na Feruzi akasema, Yotham, huyu Mgogo wako anataka nini, wako, alisema kwa mzaha tu, alikuwa anabahatisha tu, ningeweza kucheka, mimi huwa nacheka, nikasema simjui, anauza maziwa. Simjui, anauza maziwa. Feruzi akasema haya basi lete, akainama akakivuta kibuyu kutoka mikononi mwake, mzee akakiachia maana aliona kinapanda humu ndani nilimo mimi, na Feruzi akatia mkono mfukoni akamtupia senti kumi, ikamgonga kifuani, ikaanguka kwenye kokoto, na mzee akainama kuiokota kwa sababu kitu kikianguka toka kwa mtu unamwokotea, akanyoosha mkono kuirudisha, akanyanyua uso... hakunijua. Masikio yalikuwa... akanyanyua uso akaniangalia mimi, siyo Feruzi, mimi, wala siyo masikioni, machoni, akasema, Matonya. Lile jina la nyumbani, nilizaliwa mvua ya kwanza inadondoka juu ya paa la tembe, akaniita hilo, hakuna mtu wa reli anayelijua, hakuna wa Kigoma anayelijua, halimo kwenye karatasi yoyote, Matonya, akaniita mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo kama anayeuliza, na mimi nikanyanyua mkono nikashusha ubao wa dirisha. Jua, nilisema. Jua linaingia. Na maziwa tukayanywa, yalikuwa matamu, vijana wa Tabora walisema hawajapata kunywa maziwa ya namna hiyo, kibuyu kikapita mkono kwa mkono kikanifikia nikanywa na mimi, nikanywa, kilikuwa kinanuka moshi.

Alinijua. Masikio yameshonwa, mshono una usaha, kofia kichwani, alinijua toka chini kwenye kokoto, alinijua siku ile na alinijua Jumanne iliyopita kabla hajanyanyua mikono, alinipapasa kwa muda mrefu vile wa nini basi, mtu asiyekujua hakushiki hivyo, alikuwa amesimama ananipa nafasi, usiku nikalala nikimtukana kumbe alikuwa amesimama mbele yangu na harufu yake yote ananingoja mimi niseme, mimi ndiye niliyeulizwa kwanza, miaka mitatu iliyopita, mbele ya mashahidi, huyu nani, na nikajibu, na jibu limo sikioni mwake, kalitundika mahali ambapo mtu wa kwetu huweka kitu anachotaka kionekane, na mimi asubuhi nzima nakiona naita ubahili... ko, ko, ko, ndiye huyo, viatu vya karani, mlango umefunguka kule mwisho, anakuja, na jua limefika ngazi ya tatu, dole langu limekauka kabisa, limepasuka mistari kama udongo wa bwawa mwezi wa kumi, na la mzee nalo, bado kalishika kwenye kifundo, bado anamwangalia punda, na sasa ataulizwa, mara ya mwisho, mbele ya Bwana Shauri, na atasema, atasema siyo na itakuwa kweli, au atasema ndiyo, ole wangu, akisema ndiyo itakuwa amesema wangu juu ya sikio lisilo lake, kwa ajili yangu, ili nipande garimoshi nipite mbele yake dirishani kwa mara ya pili na karatasi mfukoni, hapana, asiulizwe, asiulizwe kabla sijasema mimi kitu, na nina mdomo, watu wote wa baraza hili wanajua nina mdomo, hatua nne tu, benchi lenyewe moja, akijongea kidogo upande mmoja ubao unanyanyuka upande wangu, nasikia anavyopumua, neno lenyewe si gumu, neno la asubuhi la kila mtoto wa kwetu, mbukwenyi, siyo shikamoo ya boma, mbukwenyi, baba, ni mimi Matonya, nalijua, liko hapa, halitoki... viatu vimepita. Vimepita mbele yetu, vimeingia chumba cha pili, namsikia anavuta kabati, anapekua, analaani mtu kwa kukosa fomu, wiki saba namlaani yeye, asante Mungu, pekua, bwana, pekua mpaka chini, isionekane, iwe imeliwa na mchwa, iwe imekwenda pwani tena, dole litapakwa upya, garimoshi litapita, lipite, Feruzi na ashike, senti inacheza kidogo kila mzee anapovuta pumzi, nami nimefungua mdomo nimeufunga, nimeufungua, chelewa, karani, mzee wangu huyu hapa, usije bado, chelewa kidogo tu...